Zamu ya Usiku Chini ya Mlima Rungwe

Gari likishaiacha Uyole na kuanza kupanda kuelekea Isyonje, abiria hufunga madirisha bila kuambiana. Kwetu Pangani dirisha la gari hufungwa kwa sababu ya vumbi. Huku hufungwa ili ukungu usiingie. Barabara inapita katikati ya mashamba ya viazi na kabichi hadi kwenye baridi inayouma masikio, kisha inaanza kushuka, na katika kushuka huko rangi ya nchi inabadilika. Migomba inaanza, halafu miparachichi, halafu mianzi, halafu chai iliyopogolewa sawasawa hadi ukingoni mwa lami. Pale Kiwira wanawake wanasogea madirishani na vichane vya ndizi na ndoo za maparachichi, miguuni wamevaa mabuti ya mvua, mabegani wamejitanda khanga juu ya masweta. Mvua inanyesha na hakuna anayeikimbia.

Mji wa Tukuyu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nami nimekulia pale pale kwenye usawa wenyewe, ambako maji yakijaa hupanda hadi kwenye kingo za mto. Mvua ya huku hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Nguo iliyofuliwa asubuhi huanikwa jikoni juu ya moto, na mtu huvaa harufu ya moshi kama sisi tunavyovaa udi. Ndizi hapa ni chakula hasa: hupikwa mbichi, pamoja na maharage au nyama, na mgeni huandaliwa sahani iliyojaa kisha akaulizwa mbona hali. Watoto nao wana adabu yao. Binti wa mwenyeji wangu alipotoka kunisalimia alichutama hadi magoti yakakaribia ardhi, akatazama chini, akasema "Mugonile," na hakuinuka mpaka nilipomjibu. Kwetu mtoto huinua uso, hutoa shikamoo na kushika mkono wa mkubwa. Nililipenda lile la kuchutama, ingawa nilijikuta natamani aniangalie.

Mwenyeji wangu ni mwalimu mstaafu. Tulifundisha pamoja Tanga tulipokuwa vijana. Nyumba yake iko kwenye njia ya kwenda Misheni Rungwe. Alikuwa ameniandikia kwamba dada yake mkubwa amepatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili umelala, na kwamba kama nataka kumwona nisingoje kiangazi.

Kitu kilichonishangaza katika uwanja ule kilikuwa makaburi. Yako kati ya jiko na migomba, hatua chache kutoka mlangoni, yamesakafiwa na kuwekwa vigae, jina na miaka vimechorwa kwenye saruji, na moja lina paa lake dogo la bati. Hapo ndipo walipolala baba na mama wa mwenyeji wangu. Mchana mwanamke mmoja wa nyumba ile alikaa juu ya ukingo wa kaburi akichambua maharage, khanga yake ameitandika chini, na kuku wakizunguka miguu yake. Kwetu tunawapeleka wafu wetu nje ya mji. Tunawafunika kwa mchanga, tunaweka jiwe la kichwani na la miguuni, tunapanda mti kama tukikumbuka, na tunarudi kuwasomea. Hatuwaweki karibu na sufuria.

Nilipomwambia hivyo mwalimu mwenzangu, alitikisa kichwa. "Usidhani ni mambo ya zamani haya," akasema. Kuhusu mazoea hayo na wafu, vitabu vinakubaliana naye. Mwaka 1934 Mwingereza Godfrey Wilson alianza kuishi kati ya Wanyakyusa, wenyeji wa huku, akifuatwa na mkewe Monica, binti wa wamisionari aliyezaliwa Afrika Kusini. Waliendelea na utafiti wao hadi 1938, wakisaidiwa na karani wao, Leonard Mwaisumo, na Monica akaendelea kuandika habari za nchi hii hata baada ya mumewe kufariki. Waliyaona maziko ambapo wanaume walicheza ngoma ya vita kandoni mwa kaburi, mikuki mikononi, huku wanawake wakilia kwa sauti kuu. Na baada ya maziko zilifuata siku za matambiko ambayo Monica Wilson aliyachunguza hatua kwa hatua. Alichokiona ni kwamba lengo lilikuwa kuachanisha. Marehemu alitakiwa aondoke kwa walio hai, aende zake kwa wenziwe, na mfiwa ambaye hakufanyiwa matambiko hayo alihofiwa kupatwa na wazimu. Ukaribu wa wafu ulikuwa ugonjwa wenyewe.

Na hofu hiyo haikuishia kwa wafu. Jina Kyala, ambalo leo makanisa ya Rungwe hulitumia kumwita Mungu, kabla ya wamisionari lilikuwa na mahali pake: pango karibu na Ikombe, kule chini ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jirani na Matema. Huku juu, Lubaga, chini ya mlima, kulikuwa na Lwembe, mtu aliyebeba ndani ya mwili wake uzima wa nchi nzima. Mvua, mashamba na uzazi wa ng'ombe na wa watu vilifuatana na afya yake. Makuhani walipokwenda kutambika hawakuomba kuungana na aliye mkuu. Waliomba awape walichohitaji, kisha abaki mbali, maana akisogea mno alikuja na tauni na njaa.

Habari ya Lwembe ndiyo iliyonikalia moyoni kuliko zote. Yeye hakuruhusiwa kuugua hadi mwisho. Akizidiwa, wakuu wa vijiji walimziba pumzi, wakamzika usiku kwa siri, kwa sababu udhaifu wake ungekuwa udhaifu wa ardhi. Monica Wilson alilieleza jambo hili katika mhadhara wake wa 1959 juu ya wafalme watakatifu. Nililisoma nikiwa Pangani na nikaona ukatili mtupu. Nikiwa Rungwe, nikisikia mlima unavyonguruma mvua ikija, nikaona pia upande wa pili: watu waliojua kabisa kwamba uungu ukikaa ndani ya mwili wa mtu, basi unakaa ndani ya kitu kinachokohoa na kutetemeka, na hawakuweza kulivumilia wazo hilo hata usiku mmoja.

Nchi yenyewe inaifundisha hofu hiyo. Mlima Rungwe, wenye urefu unaokaribia mita 3,000, ni volkano. Kiejo, jirani yake, ulilipuka mara ya mwisho kiasi cha miaka 200 iliyopita, na wenyeji walilikumbuka tukio hilo kizazi hadi kizazi. Mwaka 1910 lilitokea upande wa Rukwa tetemeko ambalo hadi leo linahesabiwa miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki. Mwalimu alinipeleka pia kuliona Daraja la Mungu, karibu na Chuo cha Magereza Kiwira, ambako uji wa volkano ulioganda umetanda juu ya Mto Kiwira, na maji yakachimba njia yake chini. Mtu anaweza kuvuka kwa miguu. Niliona wanafunzi wakivuka na kurudi, wakipiga picha. Jiwe lile ni jeusi na lina matundu, na maji ya chini yana kelele hata mazungumzo yanakatika. Nikawaza: waliolipa jina hawakuwa wamekosea, lakini aliyetengeneza daraja lile alilitengeneza kwa moto, na yeyote aliyekuwa karibu siku ile hakubaki kusimulia. Kwetu bahari inaua, ndiyo, na kila ukoo wa wavuvi una majina yake, lakini bahari mtu huifuata mwenyewe. Ardhi iliyo chini ya kitanda chako kugeuka moto ni hofu ya namna nyingine.

Wamisionari wa Kimoraviani walifika chini ya mlima huu mwaka 1891, na nikitembea katika viwanja vya Misheni Rungwe nilikuwa nikifikiria zaidi udhaifu wao kuliko ujasiri wao. Walitoka Ujerumani wanne, na mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka ule ule. Walutheri wa Berlin waliingia nao 1891 upande wa pili. Kisha mwaka 1916 vita vikafika, majeshi ya Waingereza yakaingia Neu Langenburg, kama Wajerumani walivyouita mji huu wa Tukuyu, na wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa kama raia wa adui. Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ng'ambo ya mpaka, walikuja kusaidia kadiri walivyoweza, lakini kwa miaka mingi Mkristo wa kawaida wa Rungwe aliyeugua au kufiwa alibaki na jirani zake tu. Mara nyingi hakukuwa na mchungaji wa kuitwa. Mwalimu anaamini kwamba desturi niliyokuwa nimekwisha kuanza kuiona nyumbani kwa dada yake ilikomaa katika miaka hiyo. Sina namna ya kulithibitisha hilo, ila nimeiona desturi yenyewe.

Inakwenda hivi. Giza likianza, wanawake wanakuja. Wanakuja na kuni, na ndizi, na chupa ya chai ya maziwa, miavuli inaachwa barazani ikichuruzika. Hawabishi hodi kwa kusubiri jibu. Wanasema hodi wakiwa wamekwisha ingia. Wanaume wanakaa nje chini ya upenu, karibu na jiko la mkaa, na mmoja wao, mzee anayepuliza tarumbeta kanisani, huwa nalo ndani ya mfuko wa kitambaa hata siku asiyolipuliza. Wamoraviani wanapenda matarumbeta. Jumapili unayasikia yakipanda kutoka misheni kabla hujaliona kanisa. Ndani, wale wanawake wanamzunguka mgonjwa. Mmoja anamkanda mkono ule uliolala. Mwingine anakaa kitandani kabisa, mgongo wa mgonjwa umeegemea kifuani kwake. Halafu wanaimba kwa Kinyakyusa, sauti nne, bila kitabu, na madirisha ya chumba kile ni madogo hata nyimbo zinakosa pa kutokea. Wakimaliza wanaomba, na wanaomba wote kwa pamoja, kila mmoja na maneno yake, kwa sauti. Mwanzoni masikio yangu hayakuweza kushika kitu. Baadaye nilianza kutenganisha sauti: mmoja anashukuru, mmoja anabishana, mmoja anataja jina la mgonjwa tu, tena na tena.

Mgonjwa mwenyewe, ambaye kila mtu anamwita Bibi na mimi nikamwita hivyo, haombi kwa sauti. Ulimi wake umekuwa mzito. Anashika mkono wa aliye karibu.

Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimemuuguza baba yangu Pangani. Nalisema hili kwa sababu kila nilichokiona katika chumba kile nilikuwa nakipima kwa chumba kingine. Sisi tunaheshimu ugonjwa kwa kushusha sauti. Jirani anakuja kumtazama mgonjwa, anakaa mkekani kidogo, anauliza hali, tunainua mikono, tunasoma Fatiha, anapaka uso wake, anaondoka kabla ya magharibi ili tupumzike. Wanatuma uji. Mzee wetu mmoja aliandika kombe: aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi ya mawaridi, nami nikamnywesha baba kwa kijiko. Nilipenda kumwona akinywa maneno ya Mungu, na ladha ya marashi ikibaki kwenye midomo yake mikavu. Kisha pazia linashushwa, taa inapunguzwa, na usiku unakuwa wangu na yeye. Nilisoma nyiradi zote nilizofundishwa tangu chuoni. Nilisoma kwa kunong'ona ili nisimwamshe. Kuna saa, mara nyingi kabla ya adhana ya alfajiri, ambapo nilimwita Mungu kwa namna ambayo sijapata kumwita tena, na jibu lililonijia lilikuwa pumzi ya baba, ikipanda na kukawia. Imani haikunitoka. Nilichokosa ni mtu wa kuitikia amina.

Sisemi kwamba pwani hatujui kulia pamoja. Wazee wangu walikuwa wakiuzungusha mji ng'ombe wa kafara tauni ikiingia, watu wakimfuata kwa visomo mtaa hadi mtaa, na Halbadiri ikisomwa hadi leo inakusanya wanaume wa msikiti mzima. Hofu ikiwa ya mji, mji unatoka. Hofu ikiwa ya nyumba moja, tunaiachia nyumba hiyo, na tunaiita stara. Nimekulia ndani ya stara na naipenda. Imewaokoa wengi wasidhalilike. Lakini kwa Bibi niliona mwanamke ambaye mdomo wake umepinda, anayelishwa na kufutwa mbele ya watu, na hakuna aliyedhani amevuliwa kitu. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona umbali kati ya Lubaga ya zamani na kitanda kile. Kule, udhaifu wa mwili mmoja ulitishia nchi, ukafichwa na kukatishwa. Hapa nchi imeitwa ije ikae kitandani.

Nilimuuliza mwalimu kama wazee wake waliomwomba Kyala asisogee na hawa wanaomwomba aje wanamwomba yule yule. Alinyamaza kidogo, akachochea mkaa. "Waliogopa yule yule," akasema. "Sisi nasi tunaogopa. Ila tumechoka kuogopa tukiwa mbali." Mzee wa tarumbeta, ambaye nilidhani amesinzia, alisema hakubaliani, yeye anaamini wazee walikuwa na heshima ambayo vijana wa makanisa mapya wameipoteza, wanamwita Mungu kama wanavyoita bodaboda. Wakabishana kwa Kinyakyusa, na sikutafsiriwa yote. Mimi namwelewa yule mzee. Mtu aliyeiona ardhi ikipasuka, au aliyesimuliwa na babu aliyesimuliwa, haombi ukaribu kwa wepesi. Na bado, nikiwa nimekaa nje chini ya upenu ule, nilijua upande wangu ni upi. Nataka asogee. Nilitaka hivyo mwaka uliopita, na ingawa nilitaka kwa kunong'ona, nilitaka kwa nguvu zote.

Bibi aliniita asubuhi moja, mvua imekatika na mlima umejitokeza wote hadi kileleni. Maneno yake yalikuwa yakitoka moja moja, na mkwewe akinirudia yale niliyoyakosa. Aliniuliza kwetu wagonjwa wanalala na nani. Nikamwambia: na mtoto wao, au mke. "Mmoja?" Mmoja. Akafikiri. "Mchana naogopa kufa," akasema, "lakini kidogo. Usiku, saa tisa, naogopa kubaki peke yangu. Hapo ndipo ninapotaka Kyala awe na mikono."

Mikono hiyo imepangwa. Ukutani, karibu na kalenda ya kanisa, imebandikwa karatasi ya daftari yenye majina na siku: nani analala kwa Bibi Jumatatu, nani Jumanne. Wanaiita zamu, kama zamu ya ulinzi au ya hospitali. Wamoraviani wana historia ndefu ya jambo hili, na sidhani wanawake wale walihitaji kuambiwa. Mwaka 1727, katika kijiji cha Herrnhut huko Saksonia, walikokimbilia watu waliofukuzwa kwao kwa ajili ya imani, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku ili maombi yasikatike usiku wala mchana, na zamu hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Watu wale walikuwa wakimbizi, wachache na wagomvi, hawana mfalme wa kuwatetea. Hawakupanga zamu kwa sababu walikuwa hodari wa kuomba. Mtu mmoja hulala. Kinachokesha ni orodha.

Mwenye karatasi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini kabisa katika kwaya, alinijia siku ya Jumatano akiwa na kalamu. Alisema aliyepangwa kesho yake ameitwa Kyela kwenye msiba, na mwalimu amemwambia kwamba mimi nilimuuguza baba yangu. Nikamwambia kwamba mimi ni Mwislamu. Akasema wanalijua hilo, nimekuwa nikitoka kwenda kuswali msikitini mjini tangu nifike, na Bibi ameulizwa na amekubali. Akaandika "Mwalimu wa Pangani" kwenye nafasi ya Alhamisi.

Alhamisi hiyo walikuja kama kawaida, wakaimba, wakaomba, kisha wakakaa kimya wakinitazama. Nilikuwa pembeni ya kitanda, Bibi ameushika mkono wangu kwa ule wake mzima. Nikainua mkono mmoja uliobaki, nikaanza dua ya mgonjwa kwa Kiarabu, halafu nikaieleza kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile niliyomsomea baba.

"Paza sauti, Mwalimu," akasema mmoja kutoka karibu na mlango. "Huku nyuma hatusikii, tutaitikiaje?"